Cheti cha Makao ya Watoto Hakijibu Swali la Kwanza

Kila maafisa wa watoto wanapofunga makao yasiyo na cheti, iwe kaunti gani, mjadala unaofuata nchini Kenya huwa ni uleule. Kuna wanaosema serikali imechelewa, kwamba nyumba ile ingefungwa zamani kwa kuwa haikusajiliwa. Kuna wanaosema serikali haina huruma, kwamba mwenye makao alijitolea kwa mali yake na sasa watoto watarudi barabarani. Nimewasikiliza wote kwa miaka mingi, kanisani, kwenye harambee, ndani ya matatu, na naona wanagombania jambo lisilo kiini. Pande zote mbili zinaamini kwamba usajili ndio unaoonyesha kama mtoto yuko mahali panapomfaa. Usajili wa makao ya watoto, jinsi tulivyouzoea, hukagua nyumba na mwenye nyumba. Haukagui safari iliyomfikisha mtoto pale. Tunauliza kama choo ni safi na kama paa linavuja, na tunaliacha swali linalopaswa kutangulia yote hayo kuhusu kila mtoto anayelala katika makao: kwa nini hayuko kwao?

Linaloeleweka vibaya kuliko yote ni zuio la Novemba 2017. Mwezi huo serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto yanayoendeshwa kwa hisani, na tangu hapo watu wenye nia njema, wenye kiwanja na wafadhili tayari, wamekuwa wakibisha hodi katika ofisi ya watoto na kurudishwa. Miaka mitano baadaye ukaja Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi ya Watoto, wa 2022 hadi 2032, unaotaka watoto watoke makaoni hatua kwa hatua na kurudi katika familia, iwe ya wazazi, ya jamaa au ya walezi waliokubaliwa na sheria, huku makao yenyewe yakigeuzwa kuwa vituo vya kuisaidia jamii inayoyazunguka. Mwaka huohuo, tarehe 26 Julai, Sheria ya Watoto ya 2022 ilianza kutumika na kuchukua nafasi ya ile ya 2001. Wapo walioyasoma mambo haya matatu kama vita dhidi ya makanisa na mashirika. Wapo walioyaona kuwa urasimu wa Nairobi, kizingiti cha kuvukwa kwa subira au kwa kujuana na mtu. Mimi nayasoma kama kukubali kosa. Tulikuwa tukisajili mahali pa kuwaweka watoto kwa kasi kuliko tulivyokuwa tukiuliza wametoka wapi.

Kosa hilo lina historia, na historia yenyewe haina aibu. Makao mengi nchini hayakuzaliwa na sheria; yalizaliwa na msiba. Katika miaka ya tisini ukimwi uliwachukua baba na mama, mara nyingi mmoja akimfuata mwenzake kwa karibu, na Rais Daniel arap Moi alipoutangaza kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999, nyanya wengi wa Nyanza, Magharibi na kwingineko walikuwa tayari wanalea wajukuu sita au saba kwa shamba lisilotosha kumlisha hata mtu mmoja. Jamaa ambao kwa desturi wangegawana watoto wa marehemu walikuwa nao wanazika. Watu wakafungua nyumba zao. Mchungaji akapanga vitanda katika ukumbi wa kanisa, mwalimu mstaafu akajenga vyumba vinne nyuma ya nyumba yake, mgeni aliyekuja kwa likizo akarudi na pesa za kujengea bweni. Sheria ya Watoto ya 2001, iliyoanza kutumika Machi 2002, iliyakuta makao hayo yapo, na kanuni za mwaka 2005 zikaandikwa ili yaingizwe katika daftari na yapewe viwango. Ndiyo maana usajili wetu ulianza kwa maswali ya nyumba: mwenyewe ni nani, iko wapi, inalaza watoto wangapi. Wakati ule ilikuwa busara. Lakini dawa za kupunguza makali ya virusi zilipofika na wazazi wakaacha kufa kwa wingi, makao hayakupungua. Makadirio ya serikali ya miaka ya karibuni yametaja watoto zaidi ya 40,000 katika makao zaidi ya 800. Sababu ya kuwapo kwa nyumba hizo ilibadilika, na fomu za usajili hazikuwa na mahali pa kuyaandika mabadiliko hayo.

Mwenye kuomba usajili huleta hati ya shirika, kanisa au wakfu unaomiliki makao. Huleta hati ya ardhi au mkataba wa kukodi. Huonyesha fedha zitatoka wapi, wafanyakazi ni akina nani na kama wana vyeti vya tabia njema kutoka kwa polisi. Afisa wa afya ya umma hupita jikoni, chooni na kwenye tangi la maji. Hutazamwa kama vitanda vimebanana, kama wavulana na wasichana wametenganishwa, kama kuna mlango wa pili wa kutokea moto ukizuka. Sidharau hata moja. Bweni lenye mlango mmoja na madirisha ya vyuma limewahi kuwa kaburi la watoto katika nchi hii, na kila mzazi wa Kenya anaijua hofu hiyo. Aliyewahi kumdhuru mtoto hapaswi kukabidhiwa funguo za chumba cha watoto. Nyumba isiyotimiza haya na ifungwe. Lakini makao yanaweza kuyatimiza yote, yakapewa cheti, kikatundikwa ukutani, na bado humo ndani wakalala watoto 30 ambao wengi wao hawakupaswa kamwe kuwa pale. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, na siku hizi ningeongeza kwamba si vitanda wala vigae vya chooni.

Niliwahi kuandamana na kundi la kanisa letu kupeleka unga, mchele na blanketi katika makao kama hayo, siku chache kabla ya Krismasi. Cheti kilikuwa ofisini, cha halali. Nikakaa karibu na mvulana wa miaka kama tisa aliyekuwa anachambua mchele, nikamuuliza kwao ni wapi. Akanitajia kijiji, akanitajia soko, akanieleza hata upande ambao mama yake hutandaza sukuma wiki siku za soko. Kutoka pale hadi soko hilo ni kupanda matatu mbili. Alikuwa amekaa makaoni miaka minne. Mlezi aliniambia kwa upole kwamba mama mwenyewe ndiye aliyemleta, kwa kuwa makao yalikuwa na shule. Sikuona mtu mbaya katika habari hiyo. Mama alitaka mwanawe asome, mlezi alimpenda mtoto, na afisa aliyetia saini cheti alikuwa amekagua kila alichotumwa kukagua.

Mvulana yule hakuwa wa peke yake. Shirika la Save the Children liliandika mwaka 2009 kwamba angalau watoto wanne kati ya watano wanaoishi katika taasisi duniani wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Kwa upande wetu, ushahidi ulikuja Machi 2020. Virusi vya korona vilipoingia nchini na shule zikafungwa, serikali iliagiza makao yawaachilie watoto wanaoweza kurudi kwa familia zao, na maelfu wakaondoka katika muda mfupi. Walikwenda kwa mama, kwa shangazi, kwa babu. Utaratibu ule ulikuwa mbaya: watoto walirudishwa bila maandalizi, katika nyumba zilizokuwa zimepoteza vibarua kwa sababu ya kafyu, na bila maafisa wa kutosha wa kuwafuatilia. Hata hivyo ulionyesha jambo ambalo faili za usajili hazikuwa zimeuliza. Watoto wale walikuwa na kwao, na kwao kulijulikana. Kama palijulikana pa kuwarudisha wakati wa hofu, palijulikana pia siku walipopokewa.

Sasa niwape nafasi wanaotetea makao, kwa sababu hoja yao yenye nguvu haisemwi mara nyingi kwa usahihi. Katika Kaunti ya Uasin Gishu, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Marekani na Kanada walianza mwaka 2010 kuwafuatilia watoto yatima na waliotengana na wazazi, baadhi wakiishi kwa jamaa na baadhi katika makao ya hisani. Walichokuta hakiwafurahishi wanaotaka makao yote yafungwe: katika mahitaji ya msingi, kama chakula, mavazi na malazi, watoto wa makaoni mara nyingi walikuwa na hali bora kuliko wenzao wa majumbani. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2009, uliohusu watoto wa miaka 6 hadi 12 katika nchi tano, Kenya na Tanzania zikiwamo, haukuona kwamba watoto wa taasisi wako nyuma kiafya kuliko yatima na watoto walioachwa wanaolelewa katika jamii. Mwenye makao anayesoma matokeo haya ana haki ya kuuliza anafungiwa kwa lipi. Nyumba ya shangazi haiwi pepo kwa kuwa ni ya shangazi. Kuna mtoto wa marehemu anayelala jikoni, anayechota maji wakati binamu zake wako shuleni, anayepigwa na asiwe na wa kumwambia. Nimewaona watoto wa namna hiyo. Anayeitaja familia kana kwamba jina lenyewe ni kinga hajaingia katika nyumba nyingi.

Lakini tuangalie tena kilicholinganishwa. Upande mmoja yupo mtoto katika nyumba inayopokea fedha kutoka ng'ambo, unga kutoka makanisani na karo kutoka kwa wafadhili. Upande wa pili yupo mtoto kwa nyanya ambaye hakupokea kitu, au alipokea kidogo mno. Kilichopimwa kwa sehemu kubwa ni tofauti kati ya mahali palipopelekewa pesa na mahali pasipopelekewa, nasi tukaiita tofauti kati ya makao na familia. Serikali ilianza mwaka 2004, kwa majaribio katika Kwale, Garissa na Nairobi, kuzipa fedha taslimu kaya zinazolea yatima, na mpango huo baadaye ukawekwa chini ya Inua Jamii, mpango wa taifa wa kuzipa fedha kaya zenye shida. Kwa miaka mingi kiwango kimekuwa Sh2,000 kwa mwezi kwa kaya nzima, iwe na mtoto mmoja au wanne. Nyanya mwenye wajukuu wanne ana Sh500 kwa kila mmoja, na humo mna sare, daftari, sabuni na mahindi. Makaoni mtoto mmoja anabeba sehemu yake ya mpishi, mlinzi, meneja, gari, umeme na ripoti za kuwapelekea wafadhili. Mama wa yule mvulana hakuwa amechoka na mwanawe. Alitafuta shule, na shule ilikuwa imewekwa ndani ya makao. Na mfadhili aliyekuwa radhi kulipa karo ya mtoto akiwa bwenini, sidhani kama kuna aliyewahi kumuuliza iwapo angeilipa karo hiyohiyo mtoto akilala kwa mama yake.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayorudiwa zaidi, ni ile isemayo afadhali makao kuliko barabara. Inadhani mtoto ana mahali pawili tu pa kuwa duniani. Mtoto aliye makaoni mara nyingi hakutoka barabarani. Alitoka katika nyumba, akiwa ameshikwa mkono na mtu mzima wa ukoo wake. Na yule mtoto wa mtaani, wa Eldoret, Kisumu au Mombasa, anayenusa gundi, ndiye ambaye makao mengi huogopa kumpokea, kwa kuwa anatoroka, anapigana, hafuati kengele ya chakula. Huyo anahitaji kazi ndefu ya mtu anayemjua kwa jina, anayekwenda chini ya daraja mara kumi kabla ya kutaja neno nyumbani. Kumtumia yeye kama sababu ya kusajili bweni la watoto wenye mama sokoni ni kumkosea yeye na kuwakosea wao.

Wanaotaka kila makao yafungwe nao hupenda kuutaja utafiti wa Bucharest, ulioanza mwaka 2000 kwa watoto wadogo 136 waliokuwa katika taasisi za Romania. Waliohamishiwa katika familia za malezi walikua vizuri kuliko waliobaki, hasa waliohamishwa kabla ya kufikisha miaka miwili hivi. Matokeo hayo ni mazito, na kwangu yanatosha kusema kwamba hakuna mtoto mchanga nchini anayepaswa kulelewa kwa zamu za wafanyakazi. Lakini msichana wa miaka 15 aliyekimbia ukeketaji au ndoa, ambaye hatari yake iko nyumbani, yuko katika hali nyingine kabisa. Anahitaji mlango wa kubisha usiku uleule. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, uliopitishwa mwaka 2009, haukuharamisha kila taasisi. Uliuliza kwanza kama kuna ulazima wa kumtenga mtoto na familia yake, kisha, ulazima ukiwapo, malezi gani yanamfaa yeye, mtoto huyu. Maswali hayo mawili hayamo katika cheti kilichotundikwa ukutani.

Rwanda ilipoianza kazi hii mwaka 2012 ilihesabu watoto na vijana 3,323 katika taasisi 33. Ni nchi ndogo, na idadi hiyo haifiki sehemu ya kumi ya yetu, kwa hiyo sisemi tuige kila kitu. Ninachokitamani ni mpangilio wao. Walianza na mtoto mmoja mmoja: kumjua, kuutafuta ukoo wake, kuitembelea nyumba, kuiandaa, kisha kufuatilia baada ya kurudi. Kila kijiji kikapata watu wawili wa kujitolea, mwanamume na mwanamke, waitwao Inshuti z'Umuryango, yaani marafiki wa familia, ambao kazi yao ni kuijua nyumba yenye shida mapema, mtoto angali ndani yake. Sisi tunao wazee wa nyumba kumi, chifu na naibu wake, wahudumu wa afya ya jamii wanaopita mlango kwa mlango, vyama vya akina mama. Wajuzi wapo. Ofisi inayosajili makao haijawafanya kuwa sehemu ya swali lake.

Na anayedhani dawa ni kukaza tu masharti ya usajili aitazame England. Huko kuendesha makao ya watoto bila kusajiliwa ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 2000, na tangu 2007 msimamizi ni Ofsted, chombo kilekile kinachokagua shule. Meneja husajiliwa peke yake, mbali na kampuni yenye makao. Huhojiwa kama kweli ni mtu wa kukabidhiwa watoto. Makao hutakiwa kuandika waziwazi yanapokea watoto wa aina gani na kwa madhumuni gani, na hukaguliwa kwa maandishi yao wenyewe. Mambo hayo mawili ningependa tuyachukue hata kesho. Lakini hata huko halmashauri zimekuwa zikiwapeleka watoto katika nyumba zisizosajiliwa, zikijua fika, kwa kuwa mtoto yuko mbele ya afisa usiku na hakuna kitanda kingine. Wana sheria kali, mkaguzi mwenye mamlaka na fedha nyingi kuliko zetu, na pengo bado lipo. Usajili hauwezi kufanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na msaada kwa familia miaka mitatu kabla.

Ninachopendekeza ni kwamba cheti cha makao kitegemee faili za watoto walio ndani. Afisa anayekuja kukagua aanzie kabatini kabla ya kwenda chooni. Achukue faili la mtoto yeyote, alifungue. Nani alimleta, siku gani, kwa amri ya mahakama gani? Jamaa gani walitafutwa, nani aliwatembelea, walisema nini? Kama mtoto ni wa nyumba ya Kiislamu, je, ukoo ulishauriwa kuhusu kafala, yaani malezi ya mtoto kwa taratibu za Kiislamu, ambayo Sheria ya 2022 sasa inaitambua? Amri inakwisha lini, na nini kimepangwa baada yake? Makao yenye faili tupu yasipewe cheti hata sakafu iking'aa. Makao yenye faili kamili na choo kibovu yapewe muda na fundi. Utaratibu huohuo utumike katika vituo vya serikali yenyewe, kwa sababu mtoto anayelala katika kituo cha uokoaji cha serikali ana haki ya kuulizwa kwao sawa na aliye kwa mchungaji. Najua afisa wa watoto wa kaunti ndogo atanijibu kwamba hana gari, hana mafuta, na meza yake imejaa kesi za matunzo za wazazi waliotengana. Anasema kweli. Kwa hiyo fedha za mageuzi zianze kwake. Kumzuia mtoto asiingie makaoni pasipo sababu huhitaji siku chache za afisa mmoja na nauli yake. Kumtoa baada ya miaka sita ni kazi ya miezi, na wakati mwingine haiwezekani tena, kwa kuwa mama amehama na mtoto amesahau lugha ya nyumbani.

Hapo ndipo zuio la 2017 linaponitia wasiwasi, ingawa naliunga mkono. Zuio hufunga daftari. Shida iliyowaleta watoto inabaki, na pesa zinaendelea kuja. Aliyenyimwa usajili wa makao anaweza kuandika ubao mpya: shule ya bweni, kituo cha uokoaji, nyumba ya huduma. Watoto ni walewale, vitanda ni vilevile, na sasa hata afisa wa afya hapiti. Katika miji ya pwani inayopokea watalii hatari hii ni kubwa zaidi, kwa kuwa mgeni anayetaka kushinda asubuhi moja na watoto kisha aache mchango hana desturi ya kuuliza cheti. Pesa zikifuata idadi ya watoto, atapatikana mtu wa kwenda vijijini kuwatafuta, mkononi ana ahadi ya shule. Kabla Australia haijapitisha sheria yake ya mwaka 2018 dhidi ya utumwa wa kisasa, bunge lake lilisikiliza ushahidi wa biashara ya namna hii, na mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliyataka mataifa yawakinge watoto wa taasisi dhidi ya usafirishaji na dhidi ya utalii wa kujitolea unaouchochea. Kwa hiyo makao yasiyo na cheti yakijitokeza yenyewe na kufungua kabati lake, yapokewe, yapewe mpango wa kumrudisha mtoto mmoja mmoja na wa kuigeuza nyumba iwe chekechea, kituo cha chakula cha mchana au mahali pa dharura pa kulala usiku chache. Yanayoficha yafungwe. Lakini kuwapakia watoto kwenye lori alasiri moja na kuwahamishia makao mengine yenye cheti, kaunti tatu mbali zaidi na soko la mama, hakustahili kuitwa uokoaji.

Faili ninalolisisitiza lina kazi nyingine, inayoonekana mtoto akishakuwa mtu mzima. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, na haki ya malezi ya wazazi. Ibara ya 14 inasema mtoto anayepatikana nchini, anayeonekana kuwa chini ya miaka minane na ambaye uraia wake na wazazi wake hawajulikani, atahesabiwa kuwa raia wa kuzaliwa. Ni maneno mazuri, na yote yanapita kwenye dirisha la karani wa usajili wa watu. Karani huomba cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi, barua ya chifu. Kijana aliyetoka makaoni bila jina la kijiji ataandikiwa barua na chifu gani? Bila kitambulisho hana laini ya simu kwa jina lake, hana M-Pesa, hapati kazi ya maana wala chumba cha kukodi kwa amani. Tunasema mwenda kwao si mtumwa. Kijana huyu amelishwa vizuri, amesomeshwa, ana nguo safi, na lango likifungwa nyuma yake hajui ashike njia ipi.

Mtoto aliyezaliwa mwaka 2014 atatimiza miaka 18 mwaka 2032, mwaka ambao mkakati wa kitaifa unafika ukingoni. Kama leo yuko makaoni, siku moja mwaka huo atasimama mbele ya karani na kuulizwa jina la mama yake na kijiji alikozaliwa. Kwa wengi wa watoto hawa mama huyo sasa hivi yuko hai, ana simu, na siku ya soko lake inajulikana.